Maswali na Majibu: Miezi Sita katika Dawati la Mikataba

Safu ya toleo hili tumewatengea maafisa wa mikataba ya kibiashara walioajiriwa kwa muda, yaani wale wanaoshika nafasi ya mwenzao aliye likizoni au wanaoitwa kusaidia mradi mmoja hadi ukamilike. Barua zimefupishwa, na majina ya walioziandika yamehifadhiwa kwa ombi lao. Majibu yanahusu kanuni za jumla. Sheria za nchi hutofautiana, na penye fedha nyingi au mgogoro, mwanasheria wa kampuni ndiye wa kuulizwa kwanza.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimeajiriwa kwa miezi sita kushika nafasi ya afisa mikataba aliyekwenda likizo ya uzazi. Nilipofika alikwisha kuondoka. Nimekuta majalada mengi, baadhi yakiwa na mikataba isiyo na saini, na hakuna orodha yoyote inayoonyesha mikataba ipi bado inaendelea. Meneja wangu anataka nianze mara moja kuandika rasimu za mikataba mipya inayosubiriwa na idara ya mauzo. Mimi naona nianze na majalada ya zamani. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Uko sahihi wewe, ingawa itakubidi umwonyeshe meneja wako jambo hilo kwa staha. Rasimu mpya ina watu wengi wanaoisubiri, kwa hiyo ukichelewa siku mbili tu utakumbushwa, tena kwa sauti kubwa. Mkataba uliokwisha kusainiwa hauna wa kuukumbusha: tarehe hupita kimya, na haki iliyotegemea tarehe hiyo hupotea nayo. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya kwanza ya afisa wa muda ni kuhakikisha hakuna tarehe inayopotea wakati mwenye nafasi hayupo. Ufundi wa kutunga vifungu vipya unaweza kungoja, kwa kuwa kampuni nyingi zina violezo vyake na wanasheria wake kwa kazi hiyo.

Tengeneza rejesta. Lahajedwali ya kawaida inatosha, na usikubali kuambiwa usubiri hadi programu maalumu inunuliwe, maana huenda muda wako ukaisha kabla haijanunuliwa. Kwa kila mkataba andika wahusika, jambo linalohusika, thamani, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, muda wa notisi, namna unavyohuishwa, dhamana na bima pamoja na tarehe zake, mahali ilipo nakala iliyosainiwa, na jina la mtu anayesimamia utekelezaji wake. Huyo wa mwisho mara nyingi si wewe, bali ni mkuu wa idara inayopokea huduma au kuuza bidhaa, naye ndiye atakayekueleza mambo ambayo hayakuandikwa popote.

Katika kusoma, usianze na ukurasa wa kwanza na kuendelea hadi wa mwisho. Anza na kifungu kinachosema hati ipi inashinda nyingine zinapopingana, kisha uende kwenye viambatisho, kwa sababu bei, ratiba na viwango vya kazi hukaa huko. Baada ya hapo soma vifungu vya muda, notisi, malipo, mabadiliko ya kazi, ukomo wa dhima na uvunjaji wa mkataba. Utangulizi na fasili unaweza kuvirudia baadaye, isipokuwa utakapokutana na neno lililopewa maana maalumu.

Tarehe zenyewe hazina uzito mmoja. Zilizo rahisi kuponyoka ni za mikataba inayojihuisha yenyewe, hasa ya matengenezo, ya leseni za programu na ya ukodishaji wa mitambo, ambayo huendelea kwa kipindi kingine kizima ikiwa hakuna upande uliotoa notisi siku kadhaa kabla ya ukomo. Katika mikataba ya namna hiyo, tarehe ya kuweka kwenye kalenda ni siku ya mwisho ya kutoa notisi, si siku mkataba unapomalizika. Na wiki kadhaa kabla ya siku hiyo uweke tarehe nyingine, ya kumuuliza mkuu wa idara kama huduma hiyo bado anaihitaji.

Dhamana za benki, yaani ahadi za benki kulipa ikiwa mhusika hatatimiza kazi yake, nazo zina uhai wake wenyewe. Pande mbili zinaweza kukubaliana kuongeza muda wa kazi kwa miezi mitatu, lakini benki iliyotoa dhamana ya utekelezaji haifungwi na makubaliano hayo, na siku ya ukomo ikifika bila dai wala nyongeza, dhamana imekwisha hata kama kazi iko nusu. Ikiwa dhamana imeandikwa kufuata kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, ICC, zinazoitwa URDG 758 na zilizoanza kutumika mwaka 2010, mnufaika, yaani anayelindwa na dhamana, anaweza kuwasilisha dai linaloitaka benki iongeze muda au ilipe, na benki inaruhusiwa kusimamisha malipo kwa siku zisizozidi 30 huku suala la nyongeza likishughulikiwa. Sharti ni kwamba dai hilo, likiwa limekamilika, liifikie benki kabla ya ukomo. Kwa hiyo kila mnapoongeza muda wa mkataba, swali la kwanza kutoka mezani kwako liwe: na dhamana je?

Kisha ziko notisi za madai. Katika mikataba ya ujenzi inayofuata vielelezo vya FIDIC, lile Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, toleo la mwaka 1999 linamtaka mkandarasi anayeona anastahili muda wa ziada au malipo ya ziada atoe notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio lenyewe. Asipofanya hivyo anapoteza dai. Toleo la mwaka 2017 limebakiza siku hizo 28 na kumbana pia mwajiri mwenye mradi. Hata kampuni isiyojenga chochote inaweza kukuta kifungu cha sura hiyo katika mkataba wa kufunga mitambo au wa kusambaza vifaa, na mara nyingi anayejua kwamba tukio limetokea ni mhandisi aliye kazini, ambaye hajawahi kuuona mkataba. Mtafute, mweleze siku zinavyohesabiwa, na umwombe akuandikie mara tu jambo linapokwenda kombo.

Katika ununuzi wa bidhaa kutoka nje ya nchi, angalia kama mkataba unatawaliwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mauzo ya Kimataifa ya Bidhaa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980 na kuanza kutumika mwaka 1988. Kwa mujibu wake, mnunuzi hupoteza haki ya kulalamikia kasoro ya bidhaa asipomwarifu muuzaji katika muda unaofaa baada ya kuigundua au baada ya wakati aliopaswa kuigundua, na kwa vyovyote vile asipomwarifu ndani ya miaka miwili tangu alipokabidhiwa bidhaa, isipokuwa kama kipindi cha udhamini kilichomo katika mkataba kinakwenda kinyume na ukomo huo. Pande zinaruhusiwa kuukataa mkataba huo wa Vienna, na nyingi huukataa kwa sentensi moja iliyojificha katika kifungu cha sheria inayotumika. Itafute sentensi hiyo.

Mikataba isiyo na saini iweke kando, lakini usidhani kwamba haina nguvu. Ikiwa bidhaa zimekuwa zikipelekwa na ankara zikilipwa, huenda pande zote mbili zimefungwa na makubaliano ambayo hakuna anayeweza kuyathibitisha kifungu kwa kifungu. Waandikie upande wa pili kuomba nakala ya jalada lao, na umwarifu meneja wako kuhusu kila mkataba wa aina hiyo, kwa maandishi.

Ama huyo meneja, usiende kwake na hoja za jumla kuhusu umuhimu wa kumbukumbu. Tumia siku mbili za mwanzo kupitia majalada machache yenye thamani kubwa, kisha umpelekee tarehe tatu zilizo karibu zaidi na gharama ya kuzikosa. Omba asubuhi iwe ya rejesta na mchana uwe wa rasimu. Ni nadra meneja kukataa akiwa na karatasi hiyo mbele yake.

SWALI: Ndugu Mshauri, mazungumzo ya mkataba mkubwa wa ugavi hayajakamilika, lakini uzalishaji unatakiwa uanze. Meneja yuko safarini na ameniagiza nimtumie msambazaji barua ya kusudio ili aanze kazi, nisaini kwa niaba yake, na mkataba ufuate. Mimi ni wa muda. Nifanyeje?

JIBU: Hapo mna masuala mawili, na la saini ndilo jepesi. Uliza jedwali la mamlaka ya kusaini la kampuni, uone kama cheo chako kimo na kwa kiwango gani. Ukiwa humo, endelea kwa kiwango hicho. Usipokuwa humo, agizo la simu halitoshi: omba idhini ya maandishi kutoka kwa mtu ambaye jedwali linamtaja. Kumbuka pia kwamba msambazaji hajui kuwa wewe ni wa muda. Anaona maneno “afisa mikataba” chini ya barua pepe yako, na katika mifumo mingi ya sheria anaweza kudai kwamba alikuwa na sababu ya kuamini una mamlaka. Kampuni ikifungwa kwa njia hiyo, anayeulizwa baadaye ni wewe.

Suala zito ni barua yenyewe. Mahakama ya Uingereza ililishughulikia katika shauri la British Steel Corporation dhidi ya Cleveland Bridge, lililoripotiwa mwaka 1984. Mnunuzi alituma barua akieleza kusudio la kuingia mkataba, akaomba kazi ianze mara moja wakati hati rasmi ikiandaliwa. Vipande vya chuma vikatengenezwa na kupelekwa, lakini hati haikukamilika kamwe. Mahakama ilisema hapakuwa na mkataba, kwa hiyo muuzaji alistahili malipo ya haki kwa kazi aliyoifanya, na mnunuzi, aliyekuwa na dai kubwa la ucheleweshaji kuliko bei ya chuma chenyewe, hakupata kitu, kwa kuwa pasipo mkataba hapakuwa na tarehe ya kuchelewa.

Tafakari hilo kutoka upande wako. Mnunuzi aliyetuma barua ya kusudio ili apate bidhaa mapema ndiye aliyepoteza haki ya kuzipata mapema. Kama lazima barua iende, iwe mkataba mdogo uliokamilika: kazi gani hasa ianze, ukomo wa fedha ambao hautazidishwa bila barua nyingine, tarehe ambayo barua inakoma, bei au namna ya kuikokotoa, mwenye mali iliyotengenezwa ikiwa mazungumzo yatavunjika, na masharti yatakayotumika hadi mkataba mkuu usainiwe. Barua ya namna hiyo huandikwa kwa siku moja. Nimeona watu wakituma sentensi mbili kwa kuogopa kuchelewesha kazi, kisha wakakaa mwaka mzima wakibishana maana yake.

SWALI: Ndugu Mshauri, mwenzangu wa mauzo alikubaliana na mteja kwa simu kwamba shehena mbili ziahirishwe kwa mwezi mmoja. Nilipoomba tuandike mabadiliko ya mkataba, niliambiwa kuwa mgeni asilete urasimu. Je, ni urasimu kweli?

JIBU: Sivyo, ingawa njia uliyoitumia huenda ilikuwa nzito kuliko jambo lenyewe. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba mabadiliko hayana nguvu mpaka yaandikwe na kusainiwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Rock Advertising dhidi ya MWB, iliamua kwamba kifungu cha aina hiyo kinafanya kazi kama kilivyoandikwa: mpangaji wa ofisi aliyedai kukubaliana kwa mdomo ratiba mpya ya kulipa malimbikizo alishindwa kwa sababu hapakuwa na maandishi yaliyosainiwa. Mkataba wa Vienna niliokwisha kuutaja unakubali vifungu hivyo pia, lakini unaongeza kwamba upande ambao mwenendo wake umemfanya mwenzake ategemee mabadiliko unaweza kuzuiwa kukitumia kifungu.

Maana yake ni kwamba mwenzako wa mauzo hajui leo kama ametoa mwezi mmoja au hakuutoa. Mteja akiamua kukata fidia ya ucheleweshaji kwa tarehe za zamani, mtaanza kutafuta nani alisema nini kwenye simu. Badala ya kudai hati ndefu, mwandalie mwenzako barua pepe ya mistari minne aitume yeye mwenyewe, ikitaja namba ya mkataba, shehena zinazohusika, tarehe mpya, na kwamba masharti mengine hayajabadilika. Mteja akijibu kwamba anakubali, mna kumbukumbu ya kuanzia, kisha hati fupi ya mabadiliko ifuate na isainiwe na wenye mamlaka kama kifungu kinavyotaka. Watu wa mauzo hawachukii maandishi, wanachukia kusubiri.

SWALI: Rasimu zetu zote za mauzo ya nje zinasema “CIF”, yaani muuzaji hulipia gharama, bima na nauli ya meli, hata kwa mizigo inayokwenda kwa makontena. Niliyempokea alizikuta hivyo. Je, nibadilishe?

JIBU: Pendekeza mabadiliko, usiyafanye peke yako, kwa sababu bei za mauzo zimekokotolewa kwa kufuata neno hilo. Katika Incoterms 2020, yaani masharti ya ICC yanayogawa gharama na hatari za mzigo kati ya muuzaji na mnunuzi, kuna kanuni 11. Saba hutumika kwa usafiri wa aina yoyote, na nne, ikiwamo CIF, ni za bahari na njia za maji za ndani ya nchi. Chini ya CIF hatari humhamia mnunuzi mzigo unapokuwa ndani ya meli, ilhali kontena kwa kawaida hukabidhiwa kituo cha mizigo kabla ya hapo, na katika pengo hilo muuzaji hubeba hatari ya mzigo ambao hauko tena mikononi mwake. Kanuni inayofaa ni CIP, ambayo pia humtaka muuzaji alipie usafiri na bima, lakini hatari humhamia mnunuzi mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji. Lakini toleo la 2020 limepandisha kiwango cha bima chini ya CIP hadi kile kipana cha masharti ya A ya bima ya mizigo, na kukiacha cha CIF katika kiwango cha chini cha masharti ya C. Kwa hiyo zungumza na watu wa bei na bima kwanza.

SWALI: Ndugu Mshauri, sina shahada ya sheria, na mkataba wangu wa kazi unamalizika baada ya wiki sita. Hakuna aliyenieleza kama nitaongezewa muda. Niondokeje bila kuharibu jina langu, na ninaweza kuonyesha nini kwa mwajiri mwingine?

JIBU: Kutokuwa na shahada ya sheria si kasoro katika kazi hii. Wengi wanaoifanya vizuri wametoka katika ununuzi, uhasibu au uhandisi, na wanajua wakati wa kumpelekea mwanasheria swali.

Kuhusu nyongeza ya muda, soma mkataba wako mwenyewe kwa ukali uleule unaosomea ya kampuni. Angalia kama unakoma wenyewe siku iliyotajwa au unahitaji notisi, na kama umeajiriwa na kampuni au na wakala wa ajira. Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unaohusu kusitishwa kwa ajira, unaziruhusu nchi zilizouridhia kuwaacha nje ya kinga zake wafanyakazi wa muda maalumu, lakini unazitaka ziweke ulinzi dhidi ya mikataba ya muda inayotumiwa kwa lengo la kukwepa kinga hizo. Uliza sasa, kwa barua fupi, usingoje wiki ya mwisho.

Kwa mwajiri mwingine, eleza aina za mikataba uliyosimamia, ukubwa wake kwa viwango vya jumla, na ulichokiweka ambacho hakikuwapo, kama vile rejesta. Usitaje wateja, bei wala masharti, na usichukue rasimu hata moja, hata ile uliyoiandika wewe usiku wa manane. Wajibu wa usiri kwa kawaida huendelea baada ya ajira kumalizika, na mwajiri anayekuhoji akiona unamwaga siri za mwingine, atajua utakavyozifanya zake.

Hati ya makabidhiano ianze kuandikwa wiki hii. Orodha ya majalada haitoshi, kwa kuwa rejesta inafanya kazi hiyo. Kinachopotea mtu anapoondoka ni historia ya mazungumzo: kifungu kipi mlikilegeza, kwa kubadilishana na nini, nani aliidhinisha, na upande wa pili ulisema hautakubali nini kamwe. Andika hayo kwa kila mazungumzo yaliyo wazi, tena kwa lugha ambayo usingeona aibu mteja akiisoma, maana hati za ndani nazo huweza kuitwa mahakamani. Ongeza ukurasa mmoja wa tarehe zote zinazoangukia siku 60 za kwanza baada ya kuondoka kwako, kwa sababu hicho ndicho kipindi ambacho atakayefuata atakuwa bado anajifunza njia za ofisi.

Mwisho, pitia vifungu vya notisi uone ni mingapi kati ya mikataba hiyo imeandikwa jina lako, au la aliyekutangulia, kuwa ndiye mpokeaji. Notisi iliyotumwa kwa mtu aliyekwisha kuondoka inaweza kuhesabiwa kuwa imepokelewa na kampuni hata kama hakuna aliyeifungua. Badilisha anwani hizo ziwe za cheo na za sanduku la pamoja la barua pepe, uwaarifu upande wa pili kwa njia ambayo kila mkataba umeielekeza, na ufanye hivyo mapema vya kutosha ili uthibitisho wao wa kupokea ukukute bado uko mezani, uuweke katika jalada wewe mwenyewe.